Wakuu, kruzi kwenye motohomu: niiweke au nikanyage mwenyewe mpaka Yellowstone?

Mdigo wa Omaha:

Wakuu habari za majukumu. Niko hapa Omaha, Nebraska, mwaka wa sita huu, na mwezi ujao tumepanga kwenda hifadhi ya Yellowstone, mi na mke wangu, watoto watatu na shemeji yangu mmoja ambaye haishiwi maneno. Tumekodi motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ile ya futi 30 iliyojengwa juu ya chasi ya Ford E-450, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Nyumbani nimeendesha Noah na pikapu ya mzee basi, hapa nina Camry ya kwendea kazini. Sasa ghafla napewa funguo za nyumba nzima niiendeshe.

Wikiendi iliyopita mwenye gari alituruhusu tuijaribu siku mbili tukaenda Grand Island tukarudi. Wanaoijua I-80 wanaelewa, ukishapita Lincoln barabara imenyooka kama imepigwa rula, mahindi kushoto mahindi kulia, mpaka mguu wa kulia unaanza kuuma. Nikaweka kruzi (cruise control, ile inayoshika mwendo yenyewe bila wewe kukanyaga mafuta) maili 75 maana ndo kibao kinavyoruhusu. Dakika ishirini za kwanza raha mustarehe. Afu yakaanza.

Kakilima kadogo tu ka kupandia daraja, gari likahisi linapungua mwendo, likashusha gia mbili kwa mpigo, injini ikanguruma kama mashine ya kusaga, mke wangu akauliza tumegonga nini. Afu kila lori likitupita upepo wake unatusukuma pembeni kwanza, likifika nusu unatuvuta kuelekea kwake, mi nimeng'ang'ania usukani kama nimeshika ng'ombe wa Idi na mguu uko huko chini ya kiti umejisahau, unatafuta pedeli hauioni. Ila iliyonitisha kweli ni hii: natoka haiwei kwenda kujaza mafuta, nimeshagusa breki kruzi imezima, niko kwenye ile kona ya kutokea mwendo wa 40, kidole kikagusa kitufe cha RES, kile cha kurudishia kruzi mwendo wa mwanzo. Gari likakumbuka 75! Wallahi lile dude lilirukia mbele katikati ya kona, kabati likafunguka, sufuria ya ubwabwa ikaja mpaka mbele kutusalimia.

Sasa shemeji anasema kruzi ni ya magari madogo, kwenye motohomu ni kujitafutia kaburi. Mwenye gari anasema weka tu kila mahali inaokoa mafuta (linakunywa galoni moja kwa maili 8 hivi, sijui litakuwa linaokoa nini). Nani mkweli hapo? Ni karibu maili elfu moja kwenda tu, tunapita Cheyenne, Laramie, Rawlins, hapo tunaiacha I-80 tunapanda Lander na Dubois. Natanguliza shukrani.

Kitonga Hadi Kansas:

Mkuu wote wawili wamekosea, ila shemeji kakosea kidogo.

Nimesukuma lori Dar–Tunduma miaka tisa, sasa nasukuma trela hapa Marekani mwaka wa saba, hiyo I-80 naijua kuliko korido ya kwangu. Kruzi ina kazi moja tu, kushika namba uliyoipa. Haioni mlima, haioni upepo, haioni kona. Ikihisi mwendo umeshuka inafungua mafuta, biashara imeisha. Wewe mwenye macho unauona mlima nusu maili kabla, unaongeza kidogo kidogo ukiwa bado tambarare, ukifika katikati unauacha mwendo ushuke mpaka 60 au 55 bila kuona aibu, malori yote yako hivyo hivyo. Yenyewe inang'ang'ania 75 ndo maana ikapiga kelele. Injini haifi kwa kelele ile, zimetengenezwa zizunguke juu, ila mafuta yanakwenda na giaboksi inachemka.

Halafu nani kakutuma 75? Kibao kinakuambia mwisho, hakikuambii lazima. Hilo gari limeruhusiwa uzito wa pauni 14,500, yaani tani sita na nusu, na kwa mbele na ubavuni ni ukuta. Kutoka 65 kwenda 75 upepo unaolikaba usoni unaongezeka kwa theluthi. Weka 62, 65 ukijisikia, utaona mafuta yanatulia, malori yanapita bila kukuyumbisha sana na kelele za kushusha gia zinapungua. Pia angalia ubavuni mwa tairi limeandikwa mwendo gani wa mwisho, matairi mengi ya magari mazito kikomo chake ni hiyo hiyo 75, sasa wewe ukiliweka hapo kutwa nzima juani na mzigo wa familia unaomba lipasuke.

Sasa mteremko. Hapa ndo sitaki utani. Kruzi za kawaida hazifungi breki, mteremko ukizidi gari linaivuka namba yako linaenda zake. Kutoka kileleni mwa I-80 kushuka Laramie unapita Telephone Canyon, mteremko wa maili kadhaa na kona ndani yake. Kabla hujaanza kushuka, sio ukiwa katikati, zima kruzi, punguza, bonyeza kitufe kilichoandikwa TOW/HAUL, kwenye E-450 kiko mwisho wa fimbo ya gia. Hapo ukigusa breki kidogo gari linashusha gia lenyewe, injini inashikilia. Litanguruma, liache lingurume. Mwendo ukizidi unakanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka upungue maili tano kumi, unaachia zipoe, unarudia. Usiweke mguu juu ya breki moja kwa moja mpaka chini, utanusa harufu ya breki kuungua ambayo sisi wa mlima Kitonga kule Iringa tunaijua. Kule tuliambiwa na wazee, gia uliyopandia ndo hiyo hiyo unashukia, na anayeachia free (gia ikiwa huru) ili apate mafuta ya kuuza tunamkuta bondeni.

Upepo: kati ya Laramie na Rawlins, hasa Arlington na Elk Mountain, kuna upepo wa kulaza malori. Kabisa, yanalala. Vibao vya umeme vinaandika na mara nyingine barabara inafungwa kwa magari marefu mepesi, na wewe ni mmoja wao. Pale kruzi zima, mguu kwenye pedeli, 50 au 55, na ukiambiwa umefungiwa lala Laramie.

Na RES sahau kama ipo. Ukikaribia kutoka barabarani zima kruzi yenyewe kwa kitufe cha OFF, usitegemee breki tu. Ukirudi haiwei fika mwendo unaoutaka kwa mguu wako ndo ubonyeze SET upya.

Baba Wawili:

Mbona mnatisha watu hivyo. Mi nimekodi motohomu mara mbili kwenda Florida, kruzi mwanzo mwisho, mvua jua, na niko hapa naandika. Mguu ukipumzika dereva hachoki. Hizi gari za siku hizi zina kompyuta.

Kitonga Hadi Kansas:

Mkuu Florida ina mlima gani, labda ule wa kupandia daraja la Tampa?

Na hiyo ya mvua naomba uiondoe kabla mtu hajaisoma akaiga. Maji yakitanda barabarani tairi linaweza kuacha lami likawa linaelea juu ya maji. Ukiwa unakanyaga mwenyewe unahisi kwenye nyayo, unaachia mafuta taratibu, tairi linarudi chini. Kruzi haina nyayo, mpaka ijue kuna shida inaendelea kusukuma, na wewe kuizima unagusa breki, jambo ambalo ndo hulitaki pale. Kompyuta inasaidia, sikatai, lakini uzito wa tani sita kwenye maji haujali kompyuta. Mvua, barafu, theluji: mguu.

Chai ya Rangi:

Hamjamwambia ya yule mzee aliyenunua motohomu mpya, akaweka kruzi 70, akainuka akaenda nyuma kujipikia kahawa, gari likaingia porini, akaishitaki kampuni akalipwa mamilioni na gari jingine juu 😂 Mdigo ubwabwa wako pikia kabisa nyumbani.

Fundi Mstaafu:

Hiyo ya kahawa ni hadithi ya kutunga mdogo wangu, imezunguka kwenye barua pepe toka enzi hizo, haijawahi kuwepo kesi kama hiyo. Ya kweli ni tamu zaidi: aliyebuni hicho kitu, Ralph Teetor, alikuwa kipofu. Alipofuka akiwa na miaka mitano, akasoma akawa injinia Indiana huko. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake ambaye kila akiongea anapunguza mwendo, akinyamaza anaongeza, abiria unaenda unarudi kwenye kiti. Hataza akapata 1950, na Chrysler wakaiweka kwenye magari yao 1958. Kwa hiyo ilibuniwa kumtibu dereva asiyetulia mguu, haikubuniwa kuchukua nafasi ya dereva. Shemeji wa Mdigo anaweza kuwa yule wakili.

Njoro wa Kassel:

Hapa Ujerumani tunaita Tempomat. Niko na Fiat Ducato ya tani tatu na nusu, gia ya mkono, na hiyo inaleta shida tofauti na ya Mdigo. Ya kwake inashusha gia yenyewe, yangu haiwezi. Ukiweka Tempomat kwa gia ya sita alafu ufike hizi milima zetu za hapa Kassel kwa A7, injini inalemewa, gari linatetemeka kama liko na malaria, na Tempomat bado inaongeza mafuta tu haijui inaua nini. Nilifanya hiyo ujinga mwaka wa kwanza. Siku hizi nikiona mlima natoa kwanza, nashusha gia ya tano ama ya nne, napanda na mguu.

Kitu nimependa zaidi ni limita. Hii gari unaweza kuiambia isipite 100 kwa saa, lakini mafuta unakanyaga wewe. Mguu unabaki kazini, faini hupati. Beshte yangu ako na ya tani nne na nusu na hizo za kupita tatu na nusu sheria hapa ni 100 kwa Autobahn, yeye limita ndio mke wa pili. Boss Mdigo angalia kama yako iko nayo, ingawa nadhani hizo za Marekani za kukodi hazina.

Mama Zuu Minneapolis:

Wanaume mmeongelea gia tu. Mume wangu goti lake bovu, bila kruzi hafiki hata Fargo, kwa hiyo mi siwezi kumwambia mtu asiweke. Ila nimegundua kitu, akiweka kruzi barabara iliyonyooka anaanza kunyamaza. Hajibu, anaitikia tu mhm. Nikisikia mhm ya tatu namwambia ikizime, ukanyage mwenyewe, ama tusimame eneo la kupumzika. Mguu ukilala na akili inafuata nyuma. Mguu wenyewe uache karibu na breki, usiukunje chini ya kiti kama umekaa mkekani, kaka Mdigo umejisema mwenyewe.

Na watoto mikanda, hata kama kuna kitanda, choo na friji vinawaita. Kabati zile zina vishikizo, bonyeza mpaka usikie tik.

Mdigo wa Omaha:

Mrejesho wakuu. Niko Dubois, Wyoming, mtandao wa kuokoteza.

Nebraska yote nimeweka kruzi 63, kwa kweli nilikuwa nakosea mwendo, motohomu ikawa gari jingine kabisa, imenguruma mara mbili tatu tu siku nzima na mafuta yakawa galoni kwa maili 9 na kitu. Mama Zuu, mke wangu amesoma ujumbe wako, sasa kila nikisema mhm anapiga kofi dashibodi.

Cheyenne kupanda nikaizima, nikapanda na malori 50 huko leni ya kulia. Kileleni kuna sehemu ya kupumzika, futi 8,640 kutoka usawa wa bahari, na kichwa kikubwa cha Abraham Lincoln kimewekwa juu ya mawe kinaangalia watu chini kama mwalimu wa nidhamu. Tukapiga picha, nikabonyeza TOW/HAUL pale pale hata sijatoka maegesho. Kaka Kitonga, nilikanyaga breki kushuka ule mteremko mara nne tu mpaka Laramie, nilihesabu. Shemeji alishika mpini wa juu ya mlango njia nzima hakusema neno, hiyo peke yake imelipa nauli.

Elk Mountain kibao kilikuwa kinawaka, upepo wa maili 50, hawajafunga. Nilienda 50, mikono yote miwili, ilikuwa kama mtu anausukuma mlango wa nyumba na wewe uko ndani unauzuia. Kufika Rawlins mabega yanauma kuliko mguu. Na niliona trela moja limelala bondeni, limekaa tu ubavu, hakuna mtu, kwa hiyo sio stori.

Kesho tunapanda Togwotee Pass, zaidi ya futi 9,600, ramani ilitaka kunipitisha upande mwingine kabisa kwa Teton Pass nikakataa.

Kitonga Hadi Kansas:

Umefanya vizuri kuikataa, ile ya Teton ina mteremko wa asilimia 10, sio ya nyumba hiyo. Togwotee ni ndefu lakini ina adabu. Angalia nyati na elki (kulungu wakubwa) asubuhi, kruzi hata usiiwashe.

Mdigo wa Omaha:

Haiwaki. Mke wangu anasema kesho anaendesha yeye, mi nikae nyuma nishike sufuria.