Naomba ushauri: Datsun 240Z ya marehemu baba, bodi imeliwa na kutu

Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini. Uani kwetu, chini ya mwembe, kuna Datsun 240Z ya marehemu baba, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Mzee aliipenda mno, na mimi nataka kuirudisha barabarani kwa mikono yangu.

Injini, silinda 6 za lita 2.4, inawaka vizuri. Shida ni bodi. Nilipopiga msasa namba 80 chini ya mlango wa dereva, puti (ile ya kuziba na kusawazisha bodi kabla ya rangi) ilibanduka kipande kizima kama ganda la yai, nene kama kidole. Chini yake bati limeoza, hata kijiti kinapenya. Kumbe fundi wa zamani alifukia kutu bila kuikata. Iliniuma sana.

Sasa, nikate na kuchomelea bati jipya mwenyewe, au nimwachie fundi bodi? Naogopa joto litapinda paneli, maana bati la gari hili ni jembamba.

Halafu vumbi. Uani ni mchanga mtupu na upepo wa kiangazi hautulii. Nimewaza kibanda cha turubai, nimwagie maji chini kabla ya kupuliza rangi. Mliowahi kupiga rangi nyumbani, hilo linatosha? Na barakoa je? Hii ya kitambaa haizuii mvuke wa hadina (dawa ya kukaushia) ya rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina kabla ya kupulizwa, ambao ni sumu kwa mapafu, na nina watoto wadogo hapa nyumbani. Nyie mnafanyaje?