Tupeane uzoefu: Waifai ya nyumbani inasuasua, kwako tatizo lilikuwa nini?

Mgebuka Mkavu (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Miezi mitatu nagombana na huduma kwa wateja, kampuni siitaji. Nimelipia megabiti 20 kwa sekunde, chumbani napata 3, siku mbaya 2. Kila nikipiga jibu ni lile lile: zima, subiri kidogo, washa. Juzi mtoto wa dada yangu kaja likizo, akaniuliza, "Mjomba, ulishawahi kupima ukiwa umekaa pembeni ya ruta?" Sijawahi. Tukapima: 19. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ruta yenyewe, hicho kifaa kinachorusha waifai, niliificha ndani ya kabati la televisheni, chini kabisa, nyuma ya spika, kisa waya zinaharibu sebule. Kati yake na kitanda changu kuna kuta mbili za tofali za kuchoma, na friji kwenye njia. Nimeipandisha juu ya kabati, ikae wazi. Chumbani sasa nasoma 11. Sijaridhika, ila kupiga simu za malalamiko nimeacha. Nanyi semeni.

Asali ya Miombo (Tabora)
Mkuu, mimi ni hizi gigahezi, yaani masafa ya mawimbi ambayo ruta inarushia. Ruta yangu inatoa majina mawili, la 2.4 na la 5. Nikaunganisha kila kitu kwenye 5 kwa sababu namba ni kubwa (msinicheke, nilidhani ndiyo 5G wanayotangaza kwenye simu, kumbe havihusiani kabisa). Ndani mambo safi. Nikitoka kubarizi chini ya mwembe, video inazunguka tu. Ile ya 5 ina kasi lakini ukuta unaimaliza nguvu haraka; ya 2.4 inafika mbali, kasi yake ndogo. Siku hizi televisheni iko kwenye 5, simu ya mwembeni kwenye 2.4.

Kijana wa Ujiji
Sisi tumepanga uani, vyumba vimebanana. Nikapakua programu ya kuonyesha chaneli (njia ndogo ndogo ndani ya masafa, kila ruta inatumia yake): nikaona ruta tisa, saba ziko chaneli 6! Kwenye 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Waifai ni kama simu ya upepo, mmoja akiongea wengine kwenye chaneli hiyo wanasubiri zamu. Nikahamia 11. Mchana sikuona tofauti. Usiku, watu wakisharudi kutoka kazini, ndiyo nikaona.

Sina Shida
Mimi nilienda hadi ofisini kwao nimefura. Nalipia 20, kompyuta ikipakua faili inaonyesha kasi ya 2.4! Dada wa kaunta akachukua kikokotoo: kasi wanauza kwa megabiti, kompyuta inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti nane. 20 gawa kwa 8 ni 2.5. Nikaaga.

Haki Yangu (Tabora)
Msiwasafishe sana hao jamaa. Ruta yangu ni ya laini ya simu. Nakaa nayo meza moja, saa nne asubuhi inakimbia, saa mbili usiku imelala. Hapo ukuta uko wapi? Mtaa mzima tunagombania mnara mmoja. Kilichonisaidia ni kuitoa katikati ya nyumba na kuiweka dirishani, upande wa mnara. Kutoka 4 nikapata 9. Usiku bado ni kilio.

Fundi Koleo (Gungu, Kigoma)
Haki Yangu ana hoja. Ndiyo maana nikifika kwa mteja nachomeka waya kwenye ruta kwanza, napima, halafu napima hewani. Kwenye waya ikiwa mbovu, kamuone aliyekuuzia. Kwenye waya ikiwa nzuri na hewani mbovu, ugonjwa uko ndani kwako.

Na ile megabiti 300 iliyoandikwa kwenye boksi la ruta isikutie wazimu. Ni kasi ya hewani katika hali bora kabisa. Kwenye matumizi utapata pungufu sana, mara nyingi kama nusu. Tena hata ruta ingekuwa ya 1000, ukilipia 20 utapata 20.

Kingine, vile vifaa vya kuchomeka ukutani kurudia mawimbi. Kuna mzee nyumba yake ndefu kama behewa, akanunua viwili, akavipanga cha kwanza kinalisha cha pili. Kila kimoja kinapokea na kurudia kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila hatua kasi inakatika karibu nusu. Simu yake ilikuwa na vijiti vyote, mtandao hakuna! Nilipitisha waya darini, mita 25 hivi (unaweza kwenda hadi 100), mwisho nikafunga ruta yake ya zamani irushe mtandao kutoka kule. Vile viwili vimewekwa stoo.

Mgebuka Mkavu
Fundi, leo nimepima kwa waya: 19.6. Basi ugonjwa ni wangu. Mama watoto hataki kuona waya ukutani, na darini kwangu kuna popo.

Fundi Koleo
Popo wa Mwanga tunafahamiana. Jumamosi asubuhi, tafuta ngazi.