Filamu fupi ya katuni kuhusu Pegasus: chunusi aonekane au asionekane?

Mchoraji wa Malindi

Assalaam alaykum. Natayarisha filamu fupi ya katuni, ya dakika nane, kuhusu kuzamishwa kwa manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, katika bandari ya Unguja alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, iliikuta imetia nanga, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo, ikaipiga kutoka masafa ambayo mizinga ya Pegasus haikuweza kuyafikia. Mabaharia 38 walikufa.

Hadi hapo ni vita. Lakini mimi nimekulia pwani, na tangu utotoni tulikatazwa kuogelea wakati wa magharibi kwa hofu ya chunusi (zimwi la baharini linalowavuta watu majini, si wa usoni). Kwa hiyo nimechora chunusi anayepanda ubavuni mwa meli na kuwavuta mabaharia mmoja mmoja. Wenzangu walioiona michoro ya awali wamegawanyika, na nusu yao wanasema kwamba mizinga na chunusi havipikwi chungu kimoja. Naomba ushauri: aonekane dakika ya ngapi, na nimwingize vipi bila vita kugeuka pambo tu la hadithi ya kutisha?

Mzee wa Funguni

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si mtu wa katuni, lakini bahari naijua, na naona kwamba dakika si tatizo. Ukimfanya chunusi awaue mabaharia, umemsafisha mwenye mzinga. Watu wale waliuawa na makombora yaliyolengwa na binadamu wenzao, na hilo peke yake linatisha vya kutosha, halihitaji kuongezewa kucha.

Umeandika jambo kubwa, kisha ukalipita mbio: meli ile haikuweza kuondoka. Manowari yenye mizinga minane imesimama kama ng'ombe aliyefungwa kigingini, na adui anajichagulia umbali anaoutaka. Sasa mfikirie mvuvi anayerudi na ngarawa yake alfajiri ile, asiyejua habari za mitambo wala mafundi, akaiona meli inapigwa na haisogei hata dhiraa moja. Angesema nini? Angesema imeshikwa mguu. Hapo ndipo mahali pa chunusi wako: hashiki mtu, ameshika meli. Mchore mnyororo wa nanga umekaza wakati maji yamekufa na hakuna mkondo wa kuuvuta, mtazamaji aachwe kati ya maneno ya fundi na maneno ya mvuvi, wala usimwamulie.

Fundi wa Fremu

Naungana na mzee, na nina sababu ya pili, ambayo ni jasho. Hata ukichora picha 12 tu kwa kila sekunde, dakika nane ni michoro 5,760, na kiumbe mwenye mikono mingi inayotambaa atakumaliza kabla hujaifikia dakika ya pili.

Isitoshe, hofu yako tayari imo ndani ya vita vyenyewe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mzinga ukipigwa umbali wa kilomita saba hivi, walioko bandarini huuona mwako kwanza, na mlio huwafikia baada ya sekunde ishirini. Tumia sekunde hizo. Mwako mdogo upeo wa macho, kisha kimya: baharia anageuza shingo, kamba inagonga mlingoti, mnyororo wa nanga unatikisika mara moja. Maji ndiyo yapande baadaye. Kwa mchoraji hiyo ni nafuu kubwa, kwani bahari iliyotulia haidai michoro mingi. Mizinga nayo usiibuni kichwani, kwani upo mmoja wa Pegasus huko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na wa Königsberg, na picha zake hupatikana kwa urahisi.

Bi Mkubwa wa Wete

Mwanangu, nina neno moja tu. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, na makaburi yao yapo hadi leo, watu wanafika na kuyaona. Maiti ni maiti, awe wa kwetu au mgeni. Usimchore chunusi akiwala, wala usiwafanye wainuke na kutembea ili kuwachekesha vijana. Huku Pemba jina la kiumbe kama huyo halitajwi ovyo usiku, na nadhani filamu yako itatisha zaidi ikiwa jina hilo halitamkwi na mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho.

Mchoraji wa Malindi

Ahsanteni sana. Shikamoo Mzee, shikamoo Bi Mkubwa. Michoro ya mikono ya chunusi naiondoa, ijapokuwa nimeikeshea Ramadhani nzima, na kwa kweli mmoja ulinitoka vizuri mno hata nauonea uchungu. Nitamweka mvuvi mbele, mwako kwa mbali, na mnyororo. Neno "chunusi" halitasikika. Mvuvi atatazama maji, atapandisha tanga, basi. Jumamosi, bahari ikiwa shwari, nitakwenda Chapwani kwa mashua nikayachore makaburi kama yalivyo, kabla sijachora kitu kingine chochote.