Wiki sita Auroville na watoto: choo kikavu, chakula cha mimea tupu, homa

Mama Wawili
Habari wakuu. Tunatoka Nairobi, mimi na mume wangu na watoto wa miaka 3 na 8. Kuanzia Januari tutajitolea wiki sita kwenye kambi ya kupanda miti ndani ya Auroville, mji wa jumuiya ya kimataifa huko Tamil Nadu, India. Vibanda vya makuti, umeme wa jua, choo kikavu, na hakuna nyama, mayai wala maziwa. Wanaojua naomba mnisaidie: huyu mdogo na choo itakuwaje? Atakula nini? Akishikwa na homa? Viza ni ya utalii, ya mtandaoni.

Fundi Mboji
Choo ndicho kinachoshinda familia nyingi, kwa hiyo nianze nacho. Choo kikavu kinataka mkojo uende kwake na kinyesi kiende kwake. Vikichanganyika mzigo unalowa, hewa haipiti, na badala ya kuoza unavunda. Nzi hawako mbali. Sasa mtoto wa miaka 3 hutoa vyote kwa pamoja, na kumgombeza hakusaidii. Mpeleke akojoe kwanza, msubiri kidogo, ndipo umhamishie tundu la pili. Akichanganya, mwaga vikombe vitatu vya vumbi la mbao badala ya kimoja.

Maji ya kutawazia yana sehemu yake, yasiingie kwenye pipa la kinyesi. Sisi tuliozoea kopo la maji ndio tunaoharibu hapa. Tundu nalo limepimwa kwa miguu ya mtu mzima, kwa hiyo beba poti ya plastiki, tandaza vumbi la mbao ndani, akimaliza umwage pipani. Pampasi acheni nyumbani, msituni hazina pa kwenda. Nepi za kitambaa kumi na mbili zinatosha kwa usiku. Sabuni iwe ya kawaida isiyo na dawa kali, maana maji ya kuogea huenda kwenye migomba.

Na mikono kwa sabuni kila mara. Mboji inayotokana na choo hicho huachwa mwaka au zaidi, tena huwekwa kwenye miti, si kwenye mchicha, kwa sababu mayai ya minyoo hayafi upesi.

Ulezi na Mlonge
Dada, chakula usihofu. Ulezi wetu ndio wanaouita ragi, upo kila duka. Uji wa ragi na karanga zilizosagwa utamshikilia asubuhi. Mlonge nao wanaupika sana, wenyewe husema murungai. Idli ni mchele na urad (dengu nyeusi) uliosagwa, ukachachushwa usiku kucha, ukapikwa kwa mvuke: laini, haina pilipili. Shida ni mchuzi. Omba jikoni watenge dengu za mtoto zikiwa zimechemshwa tu, kabla ya unga wa sambar (viungo vya mchuzi wao wa dengu) na kabla ya kuungwa. Baada ya hapo pilipili haitoki.

Kosa la kawaida ni kumpa sahani kubwa mara tatu. Mboga na nafaka hujaza tumbo dogo kabla nguvu haijatosha. Mpe kidogo mara tano, uongeze karanga, ufuta au nazi. Vitamini B12 bebeni ya matone.

Kaka Safari
Homa ni mbu tu. Chandarua, basi.

Nesi wa Zamu
Kaka Safari, nusu ya jibu. Mbu wa dengue, kidingapopo, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Mikono mirefu na dawa ya kupaka. Chandarua bado muhimu, na kichomekwe chini ya godoro: krait ni nyoka anayeuma watu waliolala chini usiku.

Homa ikipanda: paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Ibuprofen na aspirini marufuku mpaka vipimo vioneshe si dengue, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Hatari huja homa inaposhuka, siku ya 3 hadi ya 7: tumbo kuuma, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, mikono baridi. Hapo ni JIPMER, hospitali kubwa ya serikali iliyoko Puducherry; gari la wagonjwa ni 108. Mwambie daktari mmetoka Afrika Mashariki apime malaria pia.

Kuhara: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14.

Mbwa akimng'ata au kumparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Karani Mstaafu
Hakuna aliyegusa viza. Ile ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kujitolea bila malipo kwa mwezi mmoja tu, nanyi mna wiki sita. Punguzeni kazi au mwulize ubalozi kabla ya tiketi. Kila mtoto na viza yake. Chanjo ya homa ya manjano siku 10 kabla ya kuingia, hata huyo wa miaka 3. Bila kadi mnaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mwenyeji anawajibika kujaza Fomu C, ya kuwaandikisha wageni serikalini, ndani ya saa 24, mkumbusheni.

Mama Wawili
Asanteni sana. Ya mwezi mmoja sikuijua. Chaja zetu za Kenya zitaingia?

Fundi Mboji
Hapana, soketi zao ni za pini za mviringo. Adapta mbili. Na chajini mchana, jua likiwa kali. Usiku betri za kambi ni za taa.