Mchwa kwenye nyumba za zamani: tupeane uzoefu, nini kilikusaidia na nini kilikulia hela bure

Mrithi wa Kijitonyama

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba leo tuongelee mchwa, hasa sisi tunaoishi kwenye nyumba za wazee wetu.

Nyumba yetu ipo Kijitonyama, kwenye vile viwanja vya mradi wa miaka ya 1970. Marehemu baba alihamia 1981. Juzi mama alikuwa anatafuta hati ya kiwanja kwenye sanduku la mbao lililokaa chini ya kitanda chake miaka yote. Kwa nje sanduku lilikuwa zima, vanishi inang'aa. Alipoinua kifuniko akakuta tonge la udongo lenye umbo la bahasha. Hati imekwenda, vyeti vyetu vya ubatizo vimekwenda, na picha za harusi yao zimebaki nusu nusu: baba ana tai lakini hana uso. Mama hata hakulia. Alikaa chini akasema, "Hawa wametukuta tumelala."

Tangu hapo nimepuliza dawa ya kopo mara tatu na kumwaga mafuta ya taa mara moja. Wakitoweka chumbani, baada ya wiki mbili wanaibukia kwingine. Sasa wapo kwenye fremu ya mlango wa choo. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama wawili Tabata

Pole sana kaka, na mpe mama pole. La hati lisikuvunje moyo: anza polisi uchukue taarifa ya upotevu, kisha nenda ofisi ya ardhi ukaombe hati mbadala. Kuna tangazo la Gazeti la Serikali katikati hapo, kwa hiyo jiandae na subira.

Mimi niligundua nina mchwa siku fundi umeme alipopanda darini. Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo, kuangalia juu naona mguu wa mtu umening'inia kwenye silingi bodi. Kenchi aliyoikanyaga kwa nje ilikuwa ubao, kwa ndani ilikuwa hewa. Tukashukuru Mungu hakuanguka kabisa.

Tulipofuatilia tukakuta njia yao imepanda ndani ya kona ya ukuta, nyuma ya kabati la vyombo, kutoka sakafuni mpaka kwenye paa. Chanzo? Tulipoongeza jiko mwaka 2009 tulikata mwembe, tukaacha kisiki, tukamwagia zege juu. Tulikuwa tumewajengea hoteli.

Fundi Kenchi

Mrithi, hebu weka kopo chini kwanza.

Wale unaowaona ni vibarua. Ukiua mia mbili leo, malkia huko chini anataga maelfu kwa siku. Halafu dawa nyingi za kopo zinafukuza tu. Ukipuliza kwenye fremu moja wanazunguka wanatafuta upenyo mwingine, ndiyo maana wamehamia chooni kwako. Hujawaua, umewahamisha.

Mchwa wa ardhini ngozi yake ni laini, akikaa kwenye hewa kavu anakufa. Kwa hiyo hatembei wazi, anajijengea njia ya udongo nene kama penseli, anapita humo akitoka kwenye unyevu kwenda kwenye chakula. Fanya hivi leo: vunja kipande cha njia hiyo katikati, kama urefu wa kidole, usiguse pengine. Rudi baada ya siku tatu. Ukikuta wamekiziba, wapo kazini. Usipokuta wamekiziba usishangilie, huenda wamebadilisha barabara.

Mimi nikikagua nyumba ya zamani naanza nje, na vifaa vyangu ni tochi na bisibisi tu. Nazunguka msingi mzima. Nyumba za miaka hiyo zina ugonjwa mmoja: kila mwaka watu wanaongeza kifusi, bustani inapanda, mtu anaweka pevingi, mwisho udongo unagusa plasta na msingi hauonekani tena. Hapo mchwa anaingia bila wewe kuona njia yoyote. Natazama pia kuni na mabaki ya mbao yaliyoegemezwa ukutani, na maji ya kiyoyozi yanadondokea wapi.

Ndani naanza na fremu za milango, inchi chache za chini. Wazee walikuwa wanazamisha miguu ya fremu kwenye zege ya sakafu, na mara nyingine ncha inagusa udongo kabisa. Chomeka bisibisi. Mbao nzima inakataa, iliyoliwa inaingia kama kwenye mkate. Kisha choo, bafu, chini ya sinki, popote penye bomba linalovuja. Dari namalizia, kwa sababu wakishafika dari huko chini wamekaa siku nyingi.

Dawa yenyewe inamwagwa ardhini. Unachimba mfereji kuzunguka nyumba, upana kama sentimita 15 na kina 30, unamwaga dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, kama lita 5 kwa kila mita, na udongo unaorudisha nao unaulowesha. Penye sakafu ya zege inayogusa ukuta unatoboa matundu kwa drili kila sentimita 30 na kumimina humo. Mimi napenda zenye fiproni au imidaklopridi. Mchwa hazitambui, anapita nazo na kuwaambukiza wenzake. Zinachukua wiki kadhaa, usinipigie simu siku ya pili. Na kama una kisima karibu, niambie kabla hatujafungua hata kopo moja.

Mzee wa Ukonga

Haya madawa ni biashara. Oili chafu ya gari, mwagia msingi, kwisha. Sisi ndivyo tulivyojengea.

Fundi Kenchi

Shikamoo mzee. Oili inawasumbua kwa muda, sikatai. Ila haikai, mvua inaipeleka, na inaharibu udongo na maji ya jirani. Nyumba nyingi za wakati wenu hazikulindwa na oili peke yake. Zilimwagiwa dieldrini au aldrini, zile zilikaa ardhini miaka na miaka, na ndiyo sababu zikawekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 na kupigwa marufuku. Sasa kinga ile imeisha nguvu, na nyumba ni ileile. Akija mtu kukuuzia kwa kificho "ile ya zamani, kali", mfukuze.

Mzee wa Ukonga

Marahaba. Nimekuelewa, ila oili yangu bado ninayo dumu mbili.

Mla Kumbikumbi

Mnalalamika bure. Sisi kwetu mvua ya kwanza ikinyesha tunawasha taa, tunaweka beseni la maji, wanajileta wenyewe. Kikaango na chumvi kidogo. Hakuna dawa.

Mama wawili Tabata

Hahaha, wewe! Ila hapo kuna jambo. Kumbikumbi wakitokea nje kuja kwenye taa ni kawaida. Wakitokea NDANI, kwenye ufa wa sakafu au pembeni ya fremu, kiota kipo chini yako. Na msiwachanganye na sisimizi wenye mabawa: kumbikumbi mabawa yake manne yana urefu sawa na kiuno hakijabanwa. Ukifagia asubuhi ukakuta lundo la mabawa matupu dirishani, anza kukagua siku hiyohiyo.

Bi Mkubwa wa Shangani

Assalam aleikum. Sisi huku Mji Mkongwe nyumba zetu zimesimama kwa boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo inayoamua upana. Mikoko si rafiki wa mchwa, lakini paa likivuja na ncha ya boriti ikakaa mbichi ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, hapo haina ujanja. Kwetu kwanza tunaziba paa, ndipo tunazungumza dawa.

Ila langu mimi lilikuwa kitanda. Kila asubuhi nakuta vipunje chini yake, nadhani ufuta umemwagika. Nafagia, kesho vipo. Usiku ukitulia nasikia tik tik tik ndani ya mbao. Mjukuu akaleta kioo cha kukuzia, kila kipunje kina pande sita. Kumbe hawa ni wa mbao kavu, hawahitaji udongo wala maji, wanaishi humohumo wanakokula na vile vipunje ndiyo kinyesi chao. Hata uchimbe mfereji mpaka Bububu hutawapata. Tulidungia dawa kwenye vitundu kwa sindano, tukabadilisha mbao mbili. Ilikuwa ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Ya ndani, nyekundu, hawakuigusa.

Mbeba Boksi Atlanta

Nichangie kidogo kutoka Georgia. Huku wapo wengi, majira ya machipuko kumbikumbi wao wanaruka mchana kweupe. Nilipokuwa nanunua nyumba, ya mwaka 1962, nililipia mkaguzi wa mchwa kabla ya kusaini. Alitambaa chini ya sakafu ya mbao na tochi karibu saa nzima, akatoka na ripoti yenye picha: njia mbili za zamani, kavu, na sehemu moja yenye unyevu. Muuzaji akatengeneza. Sasa nina mkataba wa kila mwaka, wanakuja kukagua, wakikuta mchwa wapya wanatibu bila malipo ya ziada. Nilipokuja likizo nikamuuliza dalali wa Dar kama kuna anayekagua mchwa kabla ya kununua nyumba ya zamani. Akacheka sana.

Mrithi wa Kijitonyama

Wakuu, narudi kutoa mrejesho. Fundi Kenchi alikuja Jumamosi iliyopita. Bisibisi iliingia kwenye fremu ya choo mpaka mpini. Bomba la maji ndani ya ukuta lilikuwa linavuja taratibu, huenda tangu baba yupo. Lakini mlango wao mkuu ulikuwa baraza. Tuliiongeza 1996 juu ya udongo wa maua, ikaufunika msingi wote wa upande wa chumba cha mama. Tumetoboa matundu kwenye baraza yote, tumechimba pande tatu, bomba limebadilishwa, fremu mpya ni ya chuma. Hati nimeanza kuifuatilia, nipo hatua ya polisi.

Picha zilizobaki mama ameziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya friji. Bisibisi ya fundi ameing'ang'ania, kila asubuhi anazunguka nayo nyumba. Leo saa kumi na mbili kaniamsha kwa makelele: kaona udongo mpya ukutani. Nimetoka na kaptula, nimetazama. Ni kidongo kimoja, kipo juu karibu na dirisha, hakina njia inayoshuka chini. Nyigu.

Mama amesema hata hao hawataki.