Naomba ushauri: viazi na mayai vya kuoka kwa wageni 40

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tuna kipaimara cha mtoto hapa Uyole, na wageni wa kutoka Njombe na Makete wataingia alfajiri. Natamani wakute chai ya maziwa na chakula kizito, si mkate mkavu, maana baridi hii ya Julai inauma kweli.

Nimewaza viazi mviringo, nyama ya kusaga iliyokaangwa, hoho na mayai, vyote nivipange kwenye trei usiku, asubuhi niingize kwenye oveni tu. Nimejaribu kwa trei ndogo. Viazi vibichi vilivyolala vimekatwa viligeuka vyeusi. Nilipovichemsha kwanza weusi uliisha, ila mayai bado yanaachia maji chini. Juu yameshika, yana rangi nzuri, ukichota katikati ni uji.

Friji yangu haiingizi trei kubwa, na nyama na mayai mabichi siwezi kuviacha mezani usiku kucha hata kwa baridi ya huku.

Mayai niyamimine usiku au asubuhi? Na umeme ukikatika, nikipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, katikati pataiva kabla chini hapajaungua?