Kile kidude cha kupima sukari cha mkononi, kinaaminika?

Bint Langoni: Assalaam aleikum. Mama ana sukari, vidole vishakuwa sugu kwa kudungwa. Kaka kamletea kile cha kubandika mkononi, cha siku 14. Jana baada ya mahamri kilisema 9, kidole kikasema 12. Tushike kipi?

Fundi Mkomani: Kidole, dada. Kile hakisomi damu, husoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hivyo sukari ikipanda kasi huchelewa dakika kadhaa. Kimetokana na utafiti wa Adam Heller, mhandisi wa kemia Chuo Kikuu cha Texas, Austin: kimeng'enya, yaani protini ya kuchochea kemikali, kimeunganishwa na waya; glukosi, ndiyo hiyo sukari, ikiguswa umeme mdogo hupita.

Babu Shela: Baharini je?

Fundi Mkomani: Nusu saa, babu, asizamie.

Bint Langoni: Mama na bahari wapi! Ila mahamri yamepungua, kwa kununa.